RF negativu mara tatu lakini anti-CCP imetoka 186, hii ina maana gani jamani?

Fundi_wa_Ngamiani

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie kuelewa majibu yangu ya damu maana nimeyasoma mpaka macho yanauma na bado sijaelewa.

Mimi ni mwanamke, miaka 38, kazi yangu ushonaji, niko Tanga. Tangu mfungo wa Ramadhani wa mwaka jana mikono inanisumbua. Ilianza vidole viwili vya mkono wa kulia, nikasema ni mkasi tu maana nilikuwa na oda nyingi za Idi, baada ya wiki kama tatu ikaingia na mkono wa kushoto, vidole vilevile, sehemu ileile. Asubuhi ndo balaa kabisa, siwezi kumfunga mwanangu vifungo vya shati la shule, vidole vimekakamaa na vimejaa, mpaka ifike saa nne hivi ndo vinaanza kulegea. Kutunga uzi kwenye sindano sasa hivi namuita mtoto wa jirani anitungie.

Nikaenda maabara moja karibu na nyumbani wakapima kitu kinaitwa RF, wakachanganya tone la damu kwenye kigae, dakika chache tu wakasema negativu, huna baridi yabisi, hiyo ni kazi ya cherehani, nikapewa diklofenaki za maumivu. Mwezi wa nane nikarudi kupima tena, negativu tena. Nikaendelea na diklofenaki zangu mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Yaani nimekaa mwaka mzima najiambia sina ugonjwa kwa sababu karatasi imesema sina.

Wiki iliyopita shemeji yangu akaniambia njoo Dar. Huko daktari aliniminya kidole kimoja kimoja, akahesabu vifundo vilivyovimba akapata vinane, ndo akaandika vipimo. Majibu: RF negativu (ya tatu hii), ESR 64 na CRP 31 (hivi viwili vya kupima uvimbe mwilini), yuriki asidi kawaida, halafu hiyo anti-CCP 186 na pembeni wameandika kawaida ni chini ya 20. Akasema hii ni baridi yabisi yenyewe na Jumanne nikirudi ataniandikia dawa yake, methotreksati.

Maswali yangu ni haya. Inakuwaje kipimo kimoja kiseme sina mara tatu na kingine kiseme ninayo? Hiyo 186 maana yake ugonjwa umeshafika mbali? Halafu nimesoma mahali hiyo CCP inahusiana na sitrulini, na sitrulini inatoka kwenye tikiti maji, na mimi tikiti nakula sana msimu wake, niache? Mwisho, mdogo wangu wa kike ana wasiwasi, na yeye akapime?

Kijana_Makorora

Pole sana dada angu. Sina utaalamu ila mimi kisa changu ni kinyume na chako. RF yangu ilitoka pozitivu mwaka juzi, nikalia wiki nzima nikijua nitakuwa kilema, kumbe nilikuwa na TB, ndo kwanza imeanza. Nilivyomaliza dozi ya miezi sita viungo kimya mpaka leo. Kwa hiyo hicho kipimo mimi sikiamini kabisa.

maabara_Mwanza

Dada pole, na wewe Kijana pole pia, ila tusikitupe kipimo chenyewe, shida ni kinavyosomwa. Mimi nafanya kazi maabara mwaka wa 14 huu na hili la RF linaniuma kwelikweli kwa sababu karatasi ninazotoa mimi ndo zinamrudisha mtu nyumbani akaumie.

RF, yaani rheumatoid factor, ni kingamwili inayokamata kingamwili nyingine. Kila mtu ana askari wa damu wanaitwa IgG, wapo kwa ajili ya vijidudu. RF ni askari mwingine, mara nyingi wa aina ya IgM, ambaye badala ya kukamata kijidudu anamkamata IgG kwenye mkia. Mnorwei mmoja anaitwa Erik Waaler ndiye aliyeandika habari zake mwaka 1940, aliona seramu (maji ya damu yaliyotengwa na chembe) ya mgonjwa wa viungo inazigandisha chembe za damu ya kondoo zilizopakwa kingamwili, na mwaka 1948 Harry Rose na wenzake Marekani wakaliona jambo hilohilo, ndo maana wazee wa maabara bado wanakiita kipimo cha Waaler na Rose. Cha siku hizi cha kwenye kigae hakina kondoo, ni vichembe vya lateksi vimepakwa IgG ya binadamu. Unadondosha seramu, unachanganya, unatikisa kigae dakika 2 unasoma. Ikiwa negativu inabaki laini, ikiwa pozitivu inakuwa kama maziwa yaliyokatika. Na ukichelewa kusoma, seramu ikaanza kukauka pembeni, utaona kama imekatika kumbe wala. Ni jicho la mtu hapo, hakuna mashine.

Sasa sikilizeni. Ukichukua wagonjwa 100 wenye baridi yabisi ya kweli, kama 70 hadi 80 RF inatoka. Waliobaki haitoki, na wanaumwa vilevile. Dada wewe uko kwenye hao waliobaki. Halafu upande wa pili, RF inatoka kwa watu wengi tu wasio na ugonjwa huu, TB kama ilivyokuwa kwa Kijana, homa ya ini C, malaria, maambukizi ya valvu za moyo, ukoma, ugonjwa wa Sjögren ule wa kukauka macho na mdomo, na wazee wazima kabisa ambao hawaumwi kitu. Chochote kinachowaamsha askari wa mwili kwa muda mrefu kinaweza kuileta. Ukiishi ukanda wetu huu wa malaria na TB, RF pozitivu peke yake kwa mtu ambaye kiungo hakijavimba haimaanishi sana. Na RF negativu kwa mtu ambaye vifundo vinane vimejaa na asubuhi hafungi kifungo haimwondolei ugonjwa. Aliyekwambia huna alitakiwa ashike mkono wako kabla ya kushika karatasi.

Anti-CCP ni kitu kingine kabisa. Protini za mwili zimejengwa kwa vipande vidogo, kimoja kinaitwa arginini. Kuna vimeng'enya vinaitwa PAD, kazi yake kuigeuza arginini kuwa sitrulini, hapohapo ndani ya protini. Hilo linatokea kwa kila mtu, kwenye ngozi, kwenye sehemu yenye uvimbe, na kwenye mapafu ya mvuta sigara linatokea zaidi. Kwa wengi wetu mwili unaona na kunyamaza. Kwa mwenye ugonjwa huu mwili unaiona ile protini iliyogeuzwa kama mgeni, unaitengenezea kingamwili. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen kule Uholanzi walionyesha kwamba ni ile sitrulini ndiyo inayotambuliwa, wakatengeneza kipande cha protini chenye sitrulini kilichokunjwa duara ili kikamate vizuri, ndo hiyo CCP. Tunakiweka kwenye kipimo, kingamwili zako zikikishika mashine inatoa namba.

Ubora wake ni huu, kwa watu 100 wasio na baridi yabisi kama 95 hivi kitatoka negativu. Kwa hiyo kikitoka pozitivu, tena juu kama chako, ni neno zito. Ila na chenyewe kinakosa wagonjwa kama theluthi moja, na TB iliyo hai inaweza kukipandisha kwa baadhi ya watu, kwa hiyo usishangae daktari akitaka na picha ya kifua.

Tikiti kula dada. Ni kweli sitrulini ilitolewa kwanza kwenye tikiti maji huko Japani na jina limetoka kwenye jina la kisayansi la tikiti, lakini ile unayokula inaingia kwenye damu kama chakula. Inayoleta kesi ni ile iliyogeuzwa ndani ya protini zako mwenyewe. Ni jina tu wanashirikiana.

Mwana_wa_Kisauni

Dadangu pole. Mie niko Mombasa, nataka kuongeza jambo moja kwa wale watakaosoma hapa baadaye. Huku kwetu mwisho wa 2017 kuingia 2018 tulipigwa na chikungunya, mitaa mizima watu walikuwa wanatembea wameinama wakishika ukuta. Mie vidole na vifundo vya miguu vilinivimba miezi mitano baada ya homa kuisha, pande zote mbili, asubuhi vimekaza vilevile unavyoeleza wewe. Kila mtu akaniambia hiyo ni baridi yabisi anza dawa. Daktari alinipima RF na anti-CCP zote zikatoka negativu, akaniuliza kama nilikuwa na homa kali ya ghafla na vipele, nikasema ndio, akasema tusubiri. Ikaondoka polepole. Huo ugonjwa wenyewe jina lake ni la Kimakonde, ulitambuliwa huko Newala kusini mwa Tanzania mwaka 1952, maana yake ni kile kinachokukunja, na wallahi unakunja. Kwa hivyo ukiwa pwani na viungo vimeanza baada ya homa, mtajie daktari hiyo homa, usiende na viungo pekee.

Mwl_Moshi

Fundi nakusoma na machozi yananilenga. Mimi ni mwalimu, nina ugonjwa huu mwaka wa 11, na kwangu mimi RF negativu NA anti-CCP negativu. Zote. Mpaka leo. Nilizunguka miaka miwili na nusu kila ninapokwenda wananionyesha karatasi, mama damu yako iko safi. Wakati huo kiganja cha kulia kilikuwa kinaliwa ndani kwa ndani. Siku niliyopata daktari wa viungo alipiga picha ya mikono akaniwekea kwenye taa, akanionyesha mifupa ya kifundo cha mkono imetobokatoboka kama kuni iliyoliwa na mchwa. Kile kifundo hakipindi tena, chaki naandikia kushoto. Kwa hiyo ukisema ulikaa mwaka mzima unaamini karatasi najua kabisa unaongelea nini.

Methotreksati usiiogope. Utaambiwa ni dawa ya kansa, na ni kweli inatumika kwenye kansa, ila huko wanatumia dozi kubwa mno, sisi ni vidonge vichache MARA MOJA KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu niliyekuwa nalala naye wodini kitanda cha pili aliinywa kila siku, alielewa vibaya, mdomo wote ulikuwa vidonda na damu ilishuka vibaya sana. Chagua siku moja. Mimi ni Ijumaa baada ya chakula cha usiku, Jumamosi sina kipindi hivyo nikichefuka nachefuka nyumbani. Jumatatu nakunywa foliki asidi. Na usitegemee wiki ya kwanza, mimi nilianza kuhisi tofauti wiki ya saba au ya nane hivi, hapo katikati nilitaka kuacha mara tatu.

Na zile unga za kwenye vichupo wanazouza stendi, tafadhali. Nilitumia moja, maumivu yakaondoka kwa siku mbili, uso ukavimba, sukari ikapanda. Daktari akasema dalili zote ni za mtu anayekula steroidi bila kujua.

Asha_K

Samahani naingilia, mbona mimi niliandikiwa ASO na sio RF? Majibu yametoka juu wakaniambia ni baridi yabisi.

maabara_Mwanza

Asha hiyo ni mada nyingine ila inachanganywa kila siku. ASO inaonyesha kama umepigwa karibuni na bakteria ya koo inayoitwa streptokoka, inatafutwa kwa mtu anayedhaniwa ana ile homa inayoshambulia moyo na viungo, hasa watoto. Haisemi chochote kuhusu baridi yabisi tunayoiongelea hapa. Majina yanafanana kizungu na kwetu wote tunaita baridi yabisi, na mbaya zaidi herufi RF zinatumika kwa yote mawili, rheumatoid factor na rheumatic fever, nimeshaona fomu za namna hiyo nyingi. Rudi kamuulize aliyekuandikia anatafuta nini hasa.

tabibu_wa_wilaya

Nimechelewa kuona huu uzi. Fundi, siwezi kukutibu kwenye simu ila naweza kukuonyesha daktari wako alivyofikiri, maana hakukurupuka. Kuna vigezo vya mwaka 2010 walivyokubaliana madaktari wa magonjwa ya viungo wa Marekani na Ulaya, vinahesabiwa kwa alama, jumla 10, ukifika 6 unahesabiwa una baridi yabisi, ilimradi hakuna ugonjwa mwingine unaoelezea vizuri zaidi ule uvimbe. Viungo vidogo kuanzia vinne hadi kumi ni alama 3, wewe una vinane. Kingamwili ikiwa juu zaidi ya mara tatu ya kikomo cha maabara ni alama 3, kikomo chako 20, mara tatu ni 60, wewe 186. ESR au CRP ikiwa imepanda ni 1. Zaidi ya wiki sita ni 1. Hiyo ni 8. Na umeona kwenye hesabu hiyo RF na anti-CCP zinachukuliwa pamoja, mojawapo ikipanda inatosha, hawasubiri zote mbili.

Kuhusu 186. Usilinganishe namba yako na ya mtu wa maabara nyingine, kila aina ya kipimo ina kikomo chake, kuna za 20, kuna za 17, kuna za 5. Kinachoangaliwa ni imezidi kikomo mara ngapi. Na haisemi leo unaumwa kiasi gani wala ugonjwa umefika wapi. Inachosema ni kwamba mtu mwenye anti-CCP ya juu, mifupa yake ina hatari zaidi ya kuliwa akiachwa bila dawa, kwa hiyo usikubali kuambiwa tuangalie kwanza miezi sita. Kujua ugonjwa umefika wapi ni picha ya mikono na miguu, na vidole vya daktari. Kujua dawa inafanya kazi ni kuhesabu viungo, ESR na CRP. Anti-CCP hairudiwi kila mwezi, hela yako weka kwenye vipimo vya ini na damu nzima, hivyo ndivyo utakavyorudia mara kwa mara ukiwa kwenye methotreksati.

Kabla ya kidonge cha kwanza hakikisha umepimwa ini, figo, damu nzima, homa ya ini B na C, na picha ya kifua. Pombe weka mbali. Na jambo hili usione aibu kulisema Jumanne, kama unatarajia mtoto mwingine au hutumii uzazi wa mpango MWAMBIE. Methotreksati inaharibu mimba, huwa inasimamishwa mapema kabla mtu hajatafuta ujauzito, na zipo nyingine kama haidroksiklorokwini na salfasalazini ambazo zinaweza kutumika hata mjamzito. Na hiyo diklofenaki na tumbo linalowaka, mtajie pia, umeila muda mrefu sana.

Nani anavuta sigara nyumbani?

Fundi_wa_Ngamiani

Jamani nimewasoma wote, nimesoma na kurudia. Mwl wa Moshi Mungu akupe nguvu, hiyo ya kuni na mchwa imenikaa. Nilikuwa nawaza nisirudi Jumanne nimalize kwanza sare za shule za watu, sasa naenda, sare nampa mwenzangu.

Tabibu, sivuti ila mume wangu anavuta, tena ndani, miaka yote. Na ndio, tulikuwa tunapanga mtoto wa pili mwaka huu, hata daktari sikumwambia maana hakuniuliza. Nitamwambia.

Bado la mdogo wangu, ana miaka 29, haumwi popote, ila amesikia haya hana usingizi. Tena anasema yuko tayari kulipia hiyo anti-CCP.

tabibu_wa_wilaya

Mume wako avutie nje, na akiweza aache. Uhusiano wa sigara na hizi kingamwili umethibitishwa zaidi kwa mvutaji mwenyewe, lakini kwa mtu ambaye tayari ana 186 mimi sioni sababu ya kuacha moshi ndani ya chumba unacholala.

maabara_Mwanza

La mdogo wako nalijibu mimi. Ni kweli ndugu wa damu ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko mtu baki, lakini wengi wao hawaupati. Na hizi kingamwili zina tabia moja, zinaweza kutangulia ugonjwa kwa miaka. Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004, walichukua wagonjwa waliokuwa zamani wachangia damu wakaenda kupima ile damu yao iliyotunzwa, karibu nusu walikuwa na RF au anti-CCP tayari kabla hawajaumwa kidole, kwa wastani kama miaka minne na nusu kabla. Sasa fikiria mdogo wako apime leo itoke pozitivu na haumwi. Hakuna daktari atakayemwanzishia dawa kwa karatasi tu, ataenda nayo nyumbani anaikagua mikono kila asubuhi. Na ikitoka negativu haimpi hakikisho la maisha, unajua mwenyewe karatasi za negativu zilivyokufanyia. Mwambie alale. Siku akiamka vidole vimekaza zaidi ya nusu saa, asubuhi nyingi mfululizo, au kifundo kimevimba na kuminya kunauma, hiyo ndo siku ya kwenda, tena aende na mkono, wamshike.

Na wewe kabla ya Jumanne piga picha hayo majibu ya anti-CCP, yakiwa na jina la maabara, tarehe na kile kikomo cha 20 vionekane, halafu weka karatasi yenyewe kwenye nailoni. Kila hospitali utakayohamia wataiulizia, na kipimo hicho ni ghali, ukiwa nayo hutakilipia tena.

Fundi_wa_Ngamiani

Nimepiga. Karatasi nimeiweka kwenye bahasha ya vyeti vya mtoto.